Kurithi Zamu au Kuipokonya: Mantiki na Istilahi za Ugawaji wa Mzigo na Upokezi wa Zamu baina ya Seva

1.0 Utangulizi

Mtu apitaye Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hawezi kwenda mbali bila kukuta kibanda cha wakala wa fedha kwa simu. Siku ambayo huduma haiendi, atasikia moja ya kauli tatu: "mtandao hakuna", "mtandao upo chini", au "mtandao unasumbua". Wasemaji wengi huzitumia kauli hizi kana kwamba ni visawe. Makala haya yanadai kuwa si visawe, na kwamba tofauti iliyopo kati ya kauli ya kwanza na ya tatu ndiyo kiini cha tatizo gumu kuliko yote katika programu zinazoendeshwa kwa utaratibu wa mteja na seva.

Tatizo hili si la kinadharia. Chukulia mchuuzi aliyetuma shilingi 300,000 kulipia robota la vitenge, kisha asipate ujumbe wa uthibitisho. Ana hiari mbili, na zote ni mbaya. Akituma tena, huenda akalipa mara mbili; asipotuma, mzigo hautatoka ghalani. Linalomkwaza si kukosa fedha, bali ni kutojua kama upande wa pili umekufa, umechelewa, au umekwisha kutenda na jibu ndilo lililopotea njiani. Tutaona hapa chini kwamba seva zenyewe, kila zinapotaka kupokeana kazi, hujikuta katika hali ile ile ya mchuuzi huyu.

Wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi na wataalamu wa lugha, si mafundi wa kompyuta. Kwa hiyo mambo mawili yatakwenda pamoja: kueleza jinsi mzigo unavyogawiwa na zamu inavyopokewa, na kupima iwapo vitenzi vya Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vya unyambulishaji, vinatosha kubeba maelezo hayo. Maoni ya mwandishi ni kuwa vinatosha, na pengine kupita kiasi tulichozoea kudhani.

2.0 Seva, Mteja na Hali ya Kupatikana

Kariakoo ni mahali panapofaa kuanzia mjadala wa istilahi, kwa kuwa jina lenyewe ni istilahi iliyotoholewa. Baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo lilikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi lao. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilipita katika ndimi za wenyeji, likapata irabu zake na silabi zake wazi, na hadi leo hakuna anayelihisi kuwa ni geni. Neno "seva" limepita njia hiyo hiyo. Wapo wanaopendelea "mhudumu" au "mtumishi", lakini maneno hayo yana kasoro moja: yanaleta picha ya mtu. Katika makala haya tutasema "seva" kwa maana ya programu (na wakati mwingine mashine inayobeba programu hiyo) inayongoja maombi na kuyajibu. "Mteja" ni programu inayoomba. Simu ya wakala, kwa maana hii, ni mteja, na wakala mwenyewe hayumo kabisa katika istilahi.

Kati ya hao wawili kuna njia, na njia hiyo haiaminiki. Ombi laweza kupotea kabla ya kufika. Laweza kufika na seva ikafa kabla ya kulitenda. Au seva yaweza kulitenda na jibu likapotea wakati wa kurudi. Kwa mteja, mambo haya matatu yana sura moja tu: kimya.

Hapa Kiswahili kina neno zuri ambalo tumelisikia mara nyingi mno hata tukaacha kulisikiliza. Unapompigia mtu simu na isiite, sauti iliyorekodiwa hukuambia kuwa mteja huyo hapatikani kwa sasa. Haisemi kwamba amezima simu, wala kwamba yuko mbali na mnara, wala kwamba amefariki. Kitenzi "patikana" ni cha kutendeka, na kutendeka huko humhusu daima yule anayetafuta. Asiyepatikana kwangu aweza kupatikana kwako. Kufa, kwa upande mwingine, ni sifa ya kitu chenyewe, bila kujali nani anakitazama. Mhandisi anayesema "seva imekufa" mara nyingi hana ushahidi wa kauli hiyo. Alicho nacho ni ushahidi wa "haipatikani". Makosa mengi ya gharama kubwa katika fani hii yamezaliwa katika pengo lililopo baina ya vitenzi hivyo viwili.

3.0 Kugawa Mzigo na Kugawana Mzigo

Seva moja ikizidiwa, jambo la kwanza linalokuja akilini ni kuongeza ya pili. Swali linalofuata ni nani atakayeamua kuwa ombi hili liende huku na lile liende kule. Lori la mizigo linapofika Kariakoo kutoka mikoani, hali mbili zaweza kutokea. Huenda yupo msimamizi anayewaelekeza wachukuzi, huyu abebe kiroba, yule avute mkokoteni. Au hakuna msimamizi, na wachukuzi wenyewe wanaelewana. Kiswahili hutofautisha hali hizi kwa kiambishi tu: katika hali ya kwanza mzigo unagawiwa, katika ya pili wachukuzi wanagawana. Programu nazo ni hivyo hivyo. Upo mpangilio ambamo maombi yote hupita kwanza kwa mgawa-mzigo, naye huyasambaza; na upo mpangilio ambamo kila mteja hupewa orodha ya anwani za seva na kujichagulia mwenyewe. Mpangilio wa kwanza ni rahisi kuusimamia, ila mgawa-mzigo akifa, seva kumi zilizo hai nyuma yake hazina faida yoyote. Kwa sababu hiyo mgawa-mzigo naye huhitaji mwenziwe wa akiba, na tatizo tulilodhani tumelikimbia linatungoja sehemu ya 4.0.

Istilahi inayotumiwa mara kwa mara kwa kazi hii ni "kusawazisha mzigo", tafsiri ya moja kwa moja ya msemo wa Kiingereza unaotokana na taswira ya mizani. Mwandishi haipendi. Lengo si usawa. Mchukuzi mwenye mkokoteni na mchukuzi wa kichwani wakipewa magunia sawasawa, mmoja ataumia na mwingine atakaa bure. Lengo ni kila ombi lisingoje kupita inavyolazimu, na kwa lengo hilo mgawo usio sawa mara nyingi ndio ulio bora.

Njia ya kugawa iliyo rahisi kuliko zote ni ya zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, na kadhalika, kisha kurudi mwanzo. Inafaa pale ambapo seva zinalingana nguvu na maombi yanalingana uzito. Yasipolingana, seva yenye nguvu zaidi hupewa uzito mkubwa zaidi katika zamu hiyo. Njia nyingine ni kumpa yule mwenye kazi chache kwa sasa. Njia hii inaonekana kuwa ya busara kuliko zote, lakini ina mtego. Habari kuhusu nani ana kazi chache huzeeka haraka. Abiria wote wa katikati ya jiji wakiambiwa kwa wakati mmoja kuwa kituo cha Gerezani hakina foleni, dakika kumi baadaye Gerezani patakuwa pabaya kuliko kwingine kote. Wagawa-mzigo kadhaa wakisoma takwimu ile ile iliyochelewa, wote humwangukia mmoja.

Dawa iliyopatikana inashangaza kwa wepesi wake. Michael Mitzenmacher, katika tasnifu yake ya mwaka 1996, alichunguza kinachotokea kama kila ombi litachagua seva mbili tu kwa bahati nasibu na kwenda kwenye ile yenye foleni fupi kati ya hizo mbili. Matokeo ni kwamba kutoka chaguo moja la bahati nasibu hadi machaguo mawili kuna nafuu kubwa mno, na kutoka mawili hadi matatu nafuu inayoongezeka ni ndogo. Mteja hana haja ya kuijua hali ya soko zima. Kulinganisha vibanda viwili kunamtosha.

Pamoja na hayo, namna ya kugawa si muhimu kama kiasi cha nafasi iliyobaki. Hesabu za foleni, fani iliyoasisiwa na A. K. Erlang mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu za Copenhagen, zina funzo ambalo wapangaji wa bajeti hulisahau. Katika foleni sahili kuliko zote, ambamo maombi hufika bila mpangilio na muda wa kuyahudumia hubadilikabadilika, seva inayotumika kwa asilimia 50 humrudishia mteja jibu baada ya muda ulio mara 2 ya muda wa kazi yenyewe, kwa wastani. Ikitumika kwa asilimia 80, ni mara 5. Kwa asilimia 90, mara 10. Kwa asilimia 95, mara 20. Seva ya asilimia 95 haijafa. Inafanya kazi kuliko wakati wowote. Kwa mteja, hata hivyo, kimya chake kinafanana na kimya cha mfu. Katika Kiswahili cha Kariakoo, hali hii ndiyo "inasumbua". Kauli hii ya mitaani ina usahihi ambao lugha ya wataalamu iliukosa kwa muda mrefu, kwa kuwa mitambo mingi ya uangalizi ilijengwa kwa hali mbili tu, uzima na kifo. Ni mwaka 2017 tu ambapo watafiti wa Microsoft na wenzao walichapisha makala kuhusu hitilafu walizoziita za kijivu, yaani zile ambazo mwangalizi haoni tatizo lakini mteja anaumia.

Seva ikielemewa kabisa, hiari iliyobaki ni kuyakataa baadhi ya maombi mapema ili mengine yapone. Kwa jambo hili Kiswahili cha Tanzania kina istilahi iliyo tayari, tena iliyolipiwa kwa dhiki: mgawo. Waliokuwapo mwaka 2006 na mwaka 2011 wanaukumbuka mgawo wa umeme, na wanajua kuwa haukuwa ugawaji wa haki wa kilichopo kwa wote, bali kuwakatia hawa leo na wale kesho ili gridi nzima isizimike. Ndivyo seva inavyofanya. Kwa sababu hiyo tunashauri "mgawo" litumike kwa maana hiyo peke yake, na "ugawaji" libaki kwa usambazaji wa kawaida.

4.0 Kukabidhi, Kurithi na Kupokonya

Sasa tuje kwenye zamu. Chukulia seva mbili zenye kazi moja. Ya kwanza imeshika zamu, yaani ndiyo pekee inayoruhusiwa kuandika katika daftari la hesabu. Ya pili ni ya akiba. Ya kwanza ikishindwa, ya pili ipokee zamu bila mteja kujua. Maelezo haya yana urahisi wa kudanganya, na udanganyifu umo katika kitenzi "pokea".

Katika matumizi ya kawaida, anayepokea hupokea kutoka kwa anayetoa. Mlinzi wa usiku humkabidhi wa mchana funguo, wakasalimiana, mmoja akaenda zake. Makabidhiano ya namna hii yapo katika kompyuta pia. Mfano unaojulikana Afrika Mashariki ni ule wa M-Pesa ya Kenya, huduma iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo seva zake zilikuwa Ujerumani hadi Aprili 2015 zilipohamishiwa Kenya. Uhamisho huo ulikuwa kazi kubwa, lakini kimantiki ulikuwa makabidhiano: pande zote mbili zilikuwa hai, na wakati ulichaguliwa.

Seva inayokufa ghafla haikabidhi. Maiti hatoi funguo. Seva ya akiba inalazimika kujichukulia, na hapo kuna vitenzi viwili, si kimoja. Ikiwa ya kwanza imekufa kweli, ya pili inarithi. Ikiwa ya kwanza ingali hai, ila haipatikani kwa muda, ya pili inapokonya. Kitendo ni kile kile, na mstari wa programu unaokitekeleza ni ule ule. Tofauti iko katika jambo ambalo mtendaji hawezi kuliona.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Seva yenye zamu hutuma ujumbe mfupi kila baada ya muda maalumu, tuseme kila sekunde moja. Tuuite pigo la uhai. Seva ya akiba husikiliza. Mapigo kadhaa yakikosekana mfululizo, huamua kuwa mwenziwe amekufa. Je, ingoje mangapi? Ikingoja sekunde tatu, itapokea zamu upesi, lakini kila mtandao utakaposumbua kwa sekunde nne itampokonya aliye hai. Ikingoja dakika tano, haitakosea mara nyingi, lakini soko zima litakuwa limesimama kwa dakika tano. Hakuna jibu sahihi. Hili si suala la uzembe wa mafundi. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba, kama hakuna kikomo kinachojulikana cha muda wa ujumbe kusafiri, hakuna utaratibu wowote usiotegemea bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kuwa kundi la kompyuta litafikia mwafaka daima, hata kama ni moja tu inayoweza kufa. Sababu yenyewe msomaji ameshaiona: aliyekufa na aliyechelewa hawatofautiki.

Seva ya akiba inapopokonya, matokeo ni zamu pacha. Zote mbili zinaandika, kila moja ikiamini kuwa iko peke yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hapa kila fahali ana zizi lake na wote wanadai ng'ombe wale wale. Salio la mteja mmoja huwa shilingi 80,000 katika daftari hili na shilingi 20,000 katika lile, na yote mawili yameandikwa kwa uaminifu.

Zipo kinga, na mojawapo ina istilahi ya Kiswahili iliyozoeleka bungeni na katika mikutano ya vyama vya ushirika: akidi. Badala ya seva mbili, zinawekwa tatu au tano, na zamu haipokewi ila kwa kura za zaidi ya nusu. Mtandao ukikatika vipande viwili, kipande kimoja tu kinaweza kuwa na akidi, na chenye wachache hunyamaza hata kama kingali hai. Mwaka 1998 Leslie Lamport alichapisha utaratibu wa namna hiyo uitwao Paxos, uliokuwa umezunguka mikononi mwa wataalamu kwa miaka kadhaa kabla ya hapo. Kinga ya pili ni nambari ya zamu. Kila zamu mpya hupewa nambari kubwa kuliko iliyotangulia, na daftari hukataa maandishi yenye nambari ndogo. Aliyepokonywa akizinduka na kuendelea kuandika, maandishi yake hayapokelewi. Faida ya kinga hii ni kwamba haijaribu kujua kama tulirithi au tulipokonya. Hata kama tulipokonya, madhara yamezuiwa.

Akidi peke yake, hata hivyo, haitoshi. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani, inayohifadhi programu za mamilioni ya waandishi wa programu, ilipoteza mawasiliano kati ya kituo chake kikuu cha pwani ya mashariki na sehemu nyingine za mtandao wake kwa sekunde 43, wakati wa matengenezo ya kawaida. Mtambo wa kupokea zamu ulifanya ulichoagizwa: ulipata kura za kutosha na kuipa zamu seva ya daftari ya pwani ya magharibi. Lakini yapo maandishi ya sekunde chache yaliyokuwa yamekwisha kuandikwa mashariki na hayajanakiliwa magharibi. Mawasiliano yaliporudi, magharibi nako kulikuwa na maandishi mapya. Hapakuwa na daftari lililo kamili. Kampuni ilichagua kulinda data kuliko kuharakisha huduma, na huduma ikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Sekunde 43 zilizaa siku nzima.

Kinachodhihirika hapa ni kwamba kurithi zamu na kurithi daftari ni mirathi miwili tofauti. Daftari laweza kunakiliwa kwa kungoja, yaani seva yenye zamu haimjibu mteja mpaka nakala ifike upande wa pili. Hapo mirathi ni kamili, ila kila muamala hulipa gharama ya safari ya kwenda na kurudi. Au laweza kunakiliwa kwa kufuata, mteja akajibiwa kwanza na nakala ikafuata nyuma. Hapo kasi ni nzuri, lakini mrithi aweza kukuta kurasa za mwisho hazipo. Mwenye duka wa Kariakoo anayenakili daftari la madeni kila jioni amechagua njia ya pili. Duka likiungua saa nane mchana, wadeni wa asubuhi hiyo wamesamehewa.

5.0 Wajibu wa Mteja

Maelezo mengi ya fani hii huishia kwenye seva. Hilo ni kosa, kwa sababu nusu ya kazi iko kwa mteja. Turudi kwa mchuuzi wetu wa vitenge. Tumesema ana hiari mbili mbaya. Programu ya simu yake yaweza kumpa ya tatu, kwa kulipa kila ombi nambari yake ya pekee kabla ya kulituma. Asipopata jibu, programu hutuma tena ombi lile lile kwa nambari ile ile. Seva, au mrithi wake, hutazama daftari: nambari hii imekwisha kutendwa? Kama ndiyo, hairudii malipo. Hurudisha jibu la awali tu. Kurudia kunakuwa hakuna madhara, na swali la kama seva ya kwanza ilikufa kabla au baada ya kutenda halimuumizi tena mtu. Lakini nambari hiyo lazima itungwe na mteja, si seva, na lazima idumu hata mtu akifunga na kufungua programu. Mtu anayebonyeza upya kuanzia mwanzo huzaa ombi jipya lenye nambari mpya, na seva haina namna ya kujua kuwa ni lile lile.

Wajibu wa pili ni subira. Seva inaposimama, kila mteja hujaribu tena, na tena. Mei 2021, mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipopata hitilafu kwa siku kadhaa, wananchi waliokuwa wamezoea kununua kwa simu walijikuta wakipanga foleni katika ofisi za TANESCO. Foleni ya watu inaonekana, na anayeiona aweza kuahirisha. Foleni ya maombi haionekani. Seva ikizinduka hukutana na maombi yote ya wakati ilipokuwa kimya pamoja na marudio yake, na yaweza kuangushwa tena papo hapo na umati wa wanaoishangilia. Kwa hiyo mteja aliyeandikwa vizuri hungoja sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, kisha nane, na kila mara huongeza kipande cha muda cha bahati nasibu ili wateja wote wasigonge mlango kwa pamoja.

6.0 Pale Akiba Inapokufa pamoja na Mwenye Zamu

Kuna hesabu ndogo ambayo ingefaa ifanywe na kila taasisi kabla ya kutangaza kuwa ina seva ya akiba. Seva mbili zinagawana mzigo, kila moja ikitumika kwa asilimia 70. Moja ikifa, nyingine inatakiwa kubeba asilimia 140, jambo lisilowezekana. Nayo itaanguka. Katika mpangilio huu, kuwa na seva mbili kumeongeza uwezekano wa kusimama, kwa sababu kifo cha yoyote kinaziua zote. Ugawaji wa mzigo na upokezi wa zamu, ambavyo huuzwa kwa wateja kama bidhaa moja, kwa kweli vinavutana: kila nafasi inayojazwa na mzigo wa kawaida imeondolewa kwenye akiba. Anayetaka zote mbili hana budi kukubali kuwa kila seva itaonekana imekaa bure nusu ya wakati, na kumweleza hivyo mwenye kushika fedha.

Aidha, akiba haina maana kama chanzo cha kifo ni kimoja. Seva mbili katika chumba kimoja zinategemea paa moja, jenereta moja na fundi mmoja. Majengo mawili katika mtaa mmoja wa katikati ya jiji yanategemea nguzo zile zile. Umbali husaidia, lakini njia zinazoonekana kuwa mbili kwenye mkataba zaweza kuwa moja ardhini, au baharini.

Tanzania ililijua hilo mwaka 2024. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, nchi ilikuwa na njia mbili kubwa za baharini, za wamiliki tofauti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo yote miwili ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Huduma nyingi ambazo seva zake ziko nje hazikupatikana, au zilipatikana kwa taabu. Wahandisi waliugeuza mzigo upite njia zilizobaki, na njia hizo, zikiwa zimeundwa kwa mzigo wao wenyewe, zilielemewa. Seva zilikuwa hai muda wote, huko ziliko. Kwa wakala wa Mtaa wa Aggrey hazikupatikana, na kauli aliyowapa wateja wake siku zile, kwamba mtandao unasumbua, ilikuwa sahihi kwa kila herufi.